Mrejesho: lava iliyokuwa inafichama mu QGIS (programu ya kuchora karte)

Bandugu aksanti sana, karte imetengenea! Kwa wale hawakusoma: niko Goma, nilikuwa nachora lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 na ya 2021, lakini kila nikivuta lava juu ya kartie (mitaa ya mji) mu liste ya matabaka, ni kusema vipande vya karte vinavyolala kimoja juu ya kingine, inabakia tu chini, rangi ya kartie inaifunika yote.

Kumbe kuko paneli ingine ya kupanga matabaka, na mule nilikuwa nimetia alama mu kale kakisanduku ka kulazimisha mpangilio, sasa kakiwa na alama QGIS inafuata ile paneli tu, liste ya kawaida unaweza kuivuta mpaka kesho hakuna kitu kitabadilika. Nimetoa alama, papo hapo lava ikapanda juu, ule ulimi wa 2002 unaonekana vizuri unapasua mji mpaka kwenye ziwa Kivu, na wa 2021 unasimama kule Buhene, pembeni ya mji. Nilifurahi kabisa, juu hii karte watu watatafutia kwao.

Barabara nazo zilikuwa zinakatana vibaya kwenye makutano, ukingo wa moja unapita juu ya ingine. Hiyo si mambo ya matabaka, ni viwango vya alama (symbol levels, mpangilio wa kuchora mistari ya barabara) ndani ya tabaka lenyewe, muviwashe mu mipangilio ya tabaka hilo.