Denon DL-103 kwenye Technics SL-1200MK2: sauti hafifu na mvumo

Swali

Wakuu, shikamoni mlionizidi umri. Ninayo mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, amplifaya ya zamani yenye tundu moja tu la fono (la kuingizia sauti ya mashine ya santuri), na santuri za marehemu baba, nyingi zikiwa za dansi za mizunguko 45 kwa dakika, pamoja na chache za taarabu za mizunguko 78. Hivi karibuni nimefunga katriji (kifaa chenye sindano inayosoma mifereji ya santuri) ya Denon DL-103 niliyoitamani kwa miaka mingi, lakini sauti ni hafifu kiasi kwamba nikiifungulia amplifaya karibu yote, mvumo wa umeme ndio unaosikika zaidi. Je, katriji ni mbovu, au nibadilishe amplifaya?

Jibu la kwanza

Yaelekea katriji ni nzima. DL-103 ni ya koili inayotembea na hutoa takribani milivoti 0.3, ilhali tundu la fono la amplifaya nyingi za zamani limeundwa kwa katriji za sumaku inayotembea, ambazo hutoa milivoti 3 hadi 6. Ukifidia pengo hilo kwa kuongeza sauti, unaukuza pia mvumo uliokuwemo tangu mwanzo. Usiiuze amplifaya, tafuta transfoma ya kupandishia voti yenye uwiano wa 1 kwa 10, uiunganishe kati ya mashine na amplifaya. Milivoti 0.3 zitakuwa 3, na kwa kuwa ukinzani hugawanywa kwa mraba wa uwiano, ohm 47,000 za amplifaya zitakuwa kama ohm 470 kwa katriji, kiasi kinachoifaa vizuri katriji yenye ohm 40 za ndani. Iweke mbali na transfoma ya umeme ya amplifaya, la sivyo itanasa mvumo upya.

Jibu la pili

Nakubaliana, ila mkono unaobeba katriji nao usisahauliwe. DL-103 ni ngumu (shina la sindano yake halinyumbuki kwa urahisi), hukandamiza santuri kwa gramu 2.5, na hupenda mkono mzito kuliko huo wako wa takribani gramu 12. Itacheza, lakini mimi ningeifungia kishikio cha katriji kizito zaidi. Ikiwa transfoma itakushinda bei, Ortofon 2M Red hutoa milivoti 5.5 bila msaada wowote. Ina gramu 7.2 na ulaini wa shina la sindano wa 20: jumlisha mkono, katriji na skrubu upate kama gramu 20, zidisha kwa ulaini, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Utapata masafa ambayo mkono na katriji hutikisika kwa asili, takribani hezi 8, ukingoni mwa eneo salama la 8 hadi 12, ambalo chini yake mkono husumbuliwa na santuri zilizopinda na hata na nyayo za watu sebuleni.

Jibu la tatu

Nakuomba sana, ndugu, zile za mizunguko 78 usiziguse kwa sindano hiyo. Mfereji wake huhitaji ncha ya mikroni 76 hivi, na ya DL-103 ni 16.5 tu, hivyo hushuka chini na kukwaruza palipojaa vumbi. Isitoshe, SL-1200MK2 haina mwendo wa 78. Taarabu za kale, kama zile ambazo Siti binti Saad alianza kurekodi Bombay mwaka 1928, zinastahili mashine yake.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nitatafuta transfoma ya 1 kwa 10 pamoja na kishikio kizito, na santuri za 78 nimekwisha kuzirudisha kwenye mifuko yake.