Tupeane uzoefu: udongo wetu na miradi ya umeme, Bushi hadi bonde la Ruzizi

Ndugu wa Bukavu, Kabare, Walungu na Kamanyola, huku Kivu Kusini, tuandike yanayomsaidia mwenye shamba kabla wapimaji wa mradi hawajafika. Malalamiko tayari tunayajua.

Mwanasheria, Ibanda
Sheria ya udongo (ardhi) ya Kongo ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais kuhusu wanaokaa kwa desturi, na miongo ikapita bila amri hiyo. Ndiyo maana aliyetoa kalinzi (malipo ya desturi ya kupewa shamba la kudumu) kwa mwami (chifu wa desturi) anajihesabu mwenye shamba, na mradi unamwandika mkaaji tu. Mwenye shamba la bwasa yuko pabaya zaidi: amelikodi kwa muda, kahawa haruhusiwi kupanda, fidia ya udongo haimfikii. Lakini maharagwe na mihogo iliyo shambani ni jasho lake. Jina lake liandikwe kwenye fishi (fomu ya mradi), si la mwenye udongo. Mke naye aandikwe pamoja na mume. Sheria ya 1977 ya kunyang'anya mali kwa manufaa ya umma inatoa mwezi 1 wa kupinga baada ya kupokea taarifa, kwa hiyo tarehe ya kuipokea iandikwe siku ileile. Kwa Wambuti na Watwa, Sheria 22/030 ya 2022 inatambua haki zao kwenye udongo wa mababu. Itajeni kwenye barua.

Mpimaji, Bagira
GPS ya simu inaweza kukosea mita 3 au zaidi, na chini ya migomba hukosea sana. Shamba la mita 20 kwa 20 ni mita mraba 400. Kila upande ukipungua mita 3 zinabaki 289. Zaidi ya robo imepotea! Tumieni utepe wa mita 50, majirani wa pande zote wawepo, watie sahihi, shefu wa kijiji naye. Nakala ibaki nyumbani.

Mwagronomu, Kabare
Migomba ihesabiwe kwa shina, pamoja na machipukizi. Kahawa changa isilipwe bei ya mche wa kitalu: inachukua kama miaka 3 kuanza kuzaa, na mavuno ya miaka hiyo ni sehemu ya hasara.

Fundi wa maji, Kamanyola
Watu hutazama udongo wa barraji (ukuta wa kuzuia mto) wakasahau mto wenyewe. Maji yakiingizwa kwenye mfereji, kipande cha kutoka barraji hadi nyumba ya mashine hukauka. Hapo ndipo mihogo inalowekwa na ng'ombe wananywa. Dai lita ngapi kwa sekunde zitaachwa mtoni, na kipimo kiwe cha Julai au Agosti. Cha masika kinadanganya.

Swali, Walungu: Laini kubwa ya umeme ikipita juu ya shamba?

Mwanasheria, Ibanda
Kwa kawaida udongo unabaki wako, ila nyumba na miti mirefu hairuhusiwi chini yake. Mikaratusi ikikatwa, hesabu ya miti ifanyike kabla ya shoka. Na usingoje nguzo zisimame. Kenya, mahakama ya Meru iliamua 2021 kwamba hati za udongo wa mradi wa upepo wa Turkana zilipatikana kinyume cha sheria. Mashine 365 zilikuwa tayari zinazunguka.