Nimempiga mke wangu. Kuna ushauri nasaha wa mwanaume peke yake?

FundiAlumini (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa karakana, vijana nimewaruhusu mapema. Atakayenitukana atukane tu, nimestahili.

Jumapili iliyopita nilimpiga mke wangu. Ni mara ya tatu tangu tuoane 2017. Nilimuuliza hela ya kodi iko wapi, akanijibu huku anamenya vitunguu, hanitazami. Nikaona nimedharauliwa. Nikamzaba kofi, la pili akajigonga kwenye kona ya kabati. Binti yetu wa miaka sita tulimkuta kajibana nyuma ya friji.

Sasa wako kwa kaka yake Morogoro. Wazee wa pande zote wameitisha kikao Jumamosi na najua kitakavyokwenda: mimi nitapigwa faini na kuambiwa nimnunulie khanga, yeye ataambiwa avumilie. Tumeshapita huko mara mbili. Doti zote mbili ziko kabatini, hajawahi kuzivaa hata siku moja.

Mchungaji yuko tayari kutusikiliza, ila anataka twende wote wawili. Swali langu: kuna mahali mwanaume anaweza kwenda mwenyewe, kwa miguu yake, kabla hajapelekwa? Nikitafuta mtandaoni naona huduma za waathirika tu, na ni haki yao. Ila na mimi nataka kujua huu mkono nimeutoa wapi. Mzee wangu alikuwa hivi hivi.

Kidume_Pwani

Mkuu unajidhalilisha bure. Nenda kikaoni, lipa, chukua familia yako, yaishe. Mambo ya washauri waachie wazungu.

MamaWawili

Hiyo "yaishe" mimi nimeishi nayo miaka tisa. Kikao cha mwisho mjomba alianza kunihesabia mahari iliyokwishaliwa, ng'ombe mmoja mmoja, mimi nimekaa hapo jicho limefumba kwa uvimbe.

Nilichomoka siku hiyo hiyo nikaenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nikatibiwa, baadaye nikaunganishwa na mshauri. Nilidhani ataniambia niachike. Hakusema niondoke wala nibaki. Aliniuliza: "Ukisikia geti linafunguliwa, unafanya nini?" Nikajikuta namjibu kwamba huwa nazima redio, navua kandambili, naangalia watoto wamekaa wapi. Sikuwahi kujua kama nafanya hivyo. Nililia pale kuliko nilivyolia siku za kipigo.

Kaka Fundi, moja tu nakuomba. Ukianza huo ushauri usimpigie simu kumtangazia. Kwake hiyo ni khanga ya tatu.

Mstaafu_Ustawi

Kijana, nimefanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi, nitasema bila kuremba.

Rudi usome ulichoandika. Kofi umelizaba wewe, halafu kona ya kabati "akajigonga". Nani kamgonga? Karibu kila mwanaume aliyekaa mbele ya meza yangu alikuwa na sentensi kama hiyo. Kazi ya ushauri inaanzia hapo.

Halafu hasira. Wateja wanakuzungusha malipo ya madirisha, sivyo? Umeshampiga mmoja? Basi mkono wako unajua vizuri sana wapi pa kutua na wapi pa kutulia. Tatizo si kwamba unashindwa kujizuia.

Kwa mchungaji msiende pamoja kwa sasa. Mke anayeogopa kipigo hawezi kusema kweli mbele ya anayempiga, na akiisema atailipia nyumbani. Kule Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani, tangu miaka ya 1980 wapigaji hukaa kwenye makundi yao na wanawake wanahudumiwa kando. Makundi ya namna hiyo kwetu ni adimu, lakini ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inampokea yeyote. Ingia, sema "mimi ndiye mpigaji". Watashangaa kidogo, usikimbie. Binti naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure.

Baraza la usuluhishi la ndoa la kata ni kitu kingine. Hilo kazi yake ni kupatanisha, na kwa kawaida ndoa hupitia huko kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani. Usilichanganye na ushauri nasaha.

Na wewe Kidume, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Huo uzungu umeanza lini? Ingawa sikulaumu peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 58 katika kila 100 wanakubali kwamba zipo sababu za mume kumpiga mke. Wanaume walikuwa 40. Kikaoni shangazi ndiye atakayekutetea kwa sauti kubwa.

Mwisho, Fundi: mkeo akifungua kesi, nenda ukajibu. Kuhudhuria ushauri hakufuti kosa.

FundiAlumini (mleta mada)

Narudisha mrejesho, wiki tatu sasa. Kikaoni niliwaambia wazee sitoi faini na simtaki arudi kwa kulazimishwa. Baba mdogo alinuna, akaondoka bila kula. Shangazi, kweli, alinitetea.

Ustawi nimekwenda mara mbili. Dada wa pale alinipa karatasi, akasema andika ulichofanya, neno "lakini" usilitumie. Nilikaa kama dakika arobaini. Nikapata mistari minne, wa tatu nimeukata mara mbili: "Nilimpiga, nikamgongesha kichwa kwenye kabati."

Narudi Alhamisi. Morogoro sijapiga simu. Kaka yake ndiye anayenitumia ujumbe kuhusu ada ya mtoto, nami natuma hela, basi.