Binti yangu anacheza tenisi India, hela zimeisha: aende Tunisia au arudi chuo?

Binti Upanga:
Habari zenu wanajamvi. Nimezaliwa na kukulia Upanga, nikaolewa Ahmedabad, na huku ndiko niliko. Naandika hapa kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayesoma Kiswahili, na sitaki wakwe walijue jambo hili kabla sijapata mawazo ya watu.

Binti yangu ana miaka 19, anacheza tenisi ya kulipwa, ngazi ya chini kabisa ya wanawake, inayoitwa W15. Hiyo 15 ni dola 15,000, zawadi ya mashindano mazima. Bingwa anaondoka na dola 2,352. Anayetolewa raundi ya kwanza anapata 147, na hapo bado hajalipa hoteli, chakula wala kufungiwa nyuzi za raketi. Miezi hii yeye anatolewa raundi ya kwanza. Pointi zinazompa mchezaji nafasi duniani zinadumu wiki 52 kisha zinafutwa, na zake zinakaribia kufutwa.

Mashindano ya India yanakuja kwa msimu, yakikatika yamekatika. Monastir, Tunisia, yapo karibu kila wiki. Kocha anataka akakae huko wiki kadhaa. Baba yake anataka arudi chuo asome biashara. Mnashaurije?

Nyuki wa Tabora:
Pole mama. Mimi kijana wangu alikuwa kipa, timu ikapanda daraja, tukauza ng'ombe wawili apelekwe Dar kwenye majaribio. Akaumia bega wiki ya kwanza. Sasa ni fundi pikipiki, ana mke na watoto, na Jumapili anafundisha vitoto kudaka. Sijutii wale ng'ombe hata kidogo. Mwache aende.

Mwana Tenisi:
Nyote mnasahau njia ya tatu: chuo cha Marekani kwa ufadhili wa tenisi. Mchezaji wa India Rutuja Bhosale alipitia Texas A&M, na mwaka 2023 akachukua dhahabu ya wawili mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, pamoja na Rohan Bopanna kwenye Michezo ya Asia kule Hangzhou. Sahaja Yamalapalli naye alipitia Sam Houston State. Unapata kocha, daktari wa viungo, mechi za kutosha na shahada juu. Ila umri na zawadi alizokwisha pokea vina masharti yake, na masharti hayo yamekuwa yakibadilika. Aandikie makocha wa vyuo moja kwa moja, asipitie madalali.

Mama Salama:
Mimi nawasema wazazi. Mtoto akishika raketi tu, tayari mmemwona Sania Mirza. Sania alifika nafasi ya 27 duniani mwaka 2007, na kwa wachezaji wawili wawili akawa namba moja 2015. Ni mmoja huyo! Muulizeni mtoto kama bado anaupenda mchezo wenyewe.

Binti Upanga:
Anaupenda, dada. Alfajiri yuko uwanjani kabla mimi sijachemsha chai. Na hapa Ahmedabad hatumwangalii Sania, tunamwangalia Ankita Raina, mtoto wa huku huku. Alihamia Pune kufanya mazoezi, akazunguka ngazi hizi hizi miaka na miaka, na nafasi yake ya juu kabisa, ya 160, aliifikia 2020 akiwa na miaka 27. Wangu ana 19. Mnaniambiaje nimwambie basi?

Karani:
Mama, kichwa cha uzi kinasema hela zimeisha. Tiketi, hoteli na chakula cha wiki kadhaa Tunisia anagharamia nani?

Binti Upanga:
Kuna mfadhili.

Karani:
Nani, na anataka nini?

Binti Upanga:
Ni mtu tuliyejulishwa klabuni, mstaarabu. Mwanzo hakutaka kitu. Baadaye akawa ananiuliza habari ndogo ndogo: nani anachechemea, nani tumbo linamsumbua. Wiki iliyopita ndipo akasema kwamba kule Tunisia, kwenye mechi moja ya wawili wawili, binti aachie seti ya kwanza. Ya pili acheze anavyoweza.

Kabla hamjanirukia: dhahabu yangu ya harusi nilishauza, na tiketi imeshakatwa. Seti moja si mechi. Hamwibii mtu. Wenzake wenye baba matajiri wanasafiri na kocha, wangu anafua jezi kwenye sinki la hoteli.

Mama Salama:
Astaghfirullah.

Kijiwe Namba Moja:
Mimi naomba namba ya mfadhili, na mimi nina seti za kuachia.

Karani:
Kijiwe, acha masihara, mtu yuko pabaya.

Mama, soma hili taratibu. Kuna chombo kinaitwa ITIA, kinasimamia uadilifu wa tenisi duniani. Kwake seti moja ni kosa kamili, na kuuza habari za nani anaumwa ni kosa pia. Adhabu inafika kufungiwa maisha na faini ya dola 250,000. Mchezaji akifuatwa na asitoe taarifa, ule ukimya wenyewe ni kosa. Hata mzazi anayeingia kwa kitambulisho cha mashindano anabanwa na kanuni hizo. Na huyo bwana hataishia seti moja. Akishapata ya kwanza, atakuwa na cha kukutishia.

Msema Kweli:
Wakuu, hii ni chai. Nani duniani anabeti mechi ya wasichana wasiojulikana kule Monastir? Halafu raundi ya kwanza ya W15 haitoi pointi hata moja. Kama binti anatolewa raundi ya kwanza, hizo pointi zinazofutwa zimetoka wapi? Mleta mada anatunga hadithi.

Chumbageni:
Kuhusu kubeti, umekosea. Mdogo wangu ni mtu wa mikeka. Asubuhi ya siku ya kazi hakuna mpira, kwenye simu kinachobaki ni Monastir, Antalya na Sharm el Sheikh. Mkeka ukichanika anamtafuta yule msichana Instagram amtukane, hata hajui kwao ni wapi. Nimemkemea mpaka nimechoka.

Mwana Tenisi:
Kweli kabisa, ngazi za chini ndizo zinazowindwa zaidi, kwa sababu wachezaji hawana hela. Shirikisho la kimataifa, ITF, lilipopiga hesabu za mwaka 2013, wanawake waliorudisha gharama zao dunia nzima walikuwa 253, na kocha hakuhesabiwa humo.

Binti Upanga:
Msema Kweli, pointi ni za mwaka jana, hapa hapa India. Nusu fainali moja, pointi 6. Robo fainali mbili, 3 kila moja. Ndizo zilizomwingiza kwenye orodha ya WTA, ile ya nafasi za wanawake duniani, na zikifutwa anatoka. Laiti ingekuwa chai.

Msema Kweli:
Hesabu imekaa sawa. Samahani mama. Binti mwenyewe anasemaje kuhusu hiyo seti?

Binti Upanga:
Hajui. Anadhani nauli imetoka kwa kaka yangu wa Dar.

Nyuki wa Tabora:
Nafuta niliyosema juu. Asiende kwa hela hiyo.

Karani:
Basi yeye hajafanya kosa lolote, na hapo ndipo mna bahati. Usifute meseji hata moja. Mwonyeshe zote, muwaandikie ITIA pamoja, wana njia ya kupokea taarifa kwa siri. Huyo bwana usimjibu, wala usimwambie kwamba mmetoa taarifa.

Mwana Tenisi:
Na kuhusu hela, aulizie ligi za vilabu Ujerumani na Ufaransa. Kuna vilabu vinavyolipa kwa mechi, na wengi wa ngazi yake wanajikimu hivyo.

Binti Upanga:
Nimewasoma wote. Kesho akitoka mazoezini nitakaa naye, baba yake akiwa kazini. Kuna anayejua kama tiketi inaweza kurudishwa?

Karani:
Ilikatwa kwa kadi ya nani?

Binti Upanga:
Ya huyo mfadhili.

Karani:
Basi usiiguse. Piga picha risiti, iwekwe pamoja na meseji.