Vanishi imefanya ukungu mweupe juu ya Martlet 1/72: naiokoaje?

MwanaTudor
Salaam wandugu. Nina modeli ya plastiki ya ndege ya kivita Grumman Martlet II, skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe), ya HMS Illustrious mwaka 1942, ile meli ya kubeba ndege iliyokuwa ikitia nanga Kilindini. Juu ina rangi mbili za kijivu, tumboni Sky (kijani kilichofifia), zote rangi za maji za Vallejo Model Air zilizokauka siku 4. Dekali (alama za kulowesha na kubandika) nimezilaza juu ya rangi hivyo hivyo. Jana saa mbili usiku, mvua imetoka kunyesha, nikapiga vanishi ya laka isiyong'aa, ya kopo la kupuliza. Leo asubuhi kuna ukungu kama maziwa kwenye mashina ya mabawa na mgongoni. Alama za duara zinameta fedha kwa vipande ukiinamisha ndege kwenye mwanga. Na kioo cha rubani, nilichokigandisha kwa supagluu, kina utando mweupe kwa ndani. Nivue rangi yote, ama kuna dawa?

FundiWaSkeli
Shekhe, usivue kitu. Hapo una weupe wa aina 3, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Huo wa mabawani ni maji. Thina ya laka huruka upesi, na ikiruka huondoka na joto, uso wa modeli ukapoa. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande huanza kufanyika kwenye nyuzi 26 hivi. Uso ukipoa nyuzi 4 tu, maji yashaingia ndani ya vanishi ambayo haijashika. Kopo la kupuliza huzidisha mambo kwa sababu gesi yake hutoka baridi. Na kwenye shina la bawa vanishi hujikusanya, ndiyo maana ukungu umekaa hapo. Unyevu ukishuka asilimia 60 kwa joto lilo hilo, umande hungoja hadi nyuzi 21. Una nafasi ya nyuzi 9, hutaona kitu.

Kabla ya kutibu, lowesha kidole, pitisha juu ya weupe. Ukipotea ukiwa majimaji na kurudi ukikauka, tatizo liko juu: vanishi ilikauka hewani ikatua kama unga. Tabaka moja la vanishi ya kung'aa litaufuta. Usipopotea, maji yamefungiwa ndani, lazima vanishi ifunguliwe tena kwa thina inayokauka polepole. Mr. Color Leveling Thinner ina kichelewesho ndani yake. Changanya sehemu 1 ya laka ya kung'aa na 2 za thina hiyo, upulize kwa brashi ya upepo, msukumo wa psi 15, umbali wa sentimita 10 hadi 12. Piga pita mbili nyepesi, uso umete tu, usitiririke, na ungoje dakika 10 katikati. Ukimwaga kwa pupa utaifikia Vallejo iliyo chini na itanyanyuka. Thina ya rangi za magari sifanye kabisa; hiyo hula plastiki yenyewe.

Na saa mbili usiku baada ya mvua! Hapa kwetu saa ya kupiga laka ni saa saba hadi saa tisa mchana, jua likiwa limewaka. Weka kipima unyevu kando ya modeli, si ukutani chumba cha pili. Juu ya asilimia 70, acha. Wakati wa kaskazi utapata siku nyingi nzuri. Masika yakishika, fanya kazi ya kuunga na kupiga msasa.

Kibokoni72
Mbona mnajisumbua? Tone la mafuta ya zeituni kwenye pamba, sugua, weupe kwisha.

FundiWaSkeli
Kwisha machoni, ndugu yangu. Mafuta hujaza vishimo vidogo na mwanga hautawanyiki tena. Lakini baada ya hapo hakuna vanishi itakayoshika, na hapa bado dekali hazijatengenezwa. Kwa modeli iliyokwisha kila kitu, sawa, kwa hiari yako.

BintiLikoni
Nitaongeza la dekali na kioo, maana ndiyo yatakayotangulia.

Fedha kwenye alama ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso wa kukwaruza. Dekali hukaa juu ya ncha na hewa hubaki mabondeni. Kwa kawaida unapiga kwanza tabaka la kung'aa (Tamiya X-22 yatosha), unalaza dekali kwa Micro Set (maji ya kuishikisha) chini yake, halafu Micro Sol (maji ya kuilainisha) juu. Sasa kwa kuwa laka imekwisha kuzifunika, Micro Sol haitapenya yenyewe. Toboa kila povu kwa ncha ya sindano nyembamba, mara 3 au 4, na pale mstari wa paneli unapopita pasua kwa wembe mpya. Tia tone la Micro Sol, uondoke. Dekali itajikunja kama ngozi ya maziwa. Usiiguse, itajilaza yenyewe. Rudia hadi mara 3, kila mara ikauke kabisa.

Kioo ni mvuke wa supagluu. Gundi ile huganda kwa unyevu, na mvuke wake nao huganda juu ya kioo, basi kwenye hewa nzito kama hii huona ukungu mapema. Tia modeli kwenye mfuko uliofungwa, weka friza saa 2. Supagluu ikipata baridi huwa dhaifu na kioo hubanduka kwa ncha ya wembe. Ukiitoa friza usifungue mfuko mpaka ndege irudie joto la chumba, la sivyo itatoka jasho kama chupa ya soda na dekali zinyanyuke. Kioo sugua kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, suuza, kitumbukize kwenye vanishi ya maji ya kung'aa, kikauke ndani ya boksi. Kukirudisha, gundi nyeupe ya mbao.

MwanaTudor
Nimelowesha kidole: mgongoni weupe unapotea, kwenye mashina haupotei. Kompresa ninayo, ila nayo hutema matone.

FundiWaSkeli
Basi mgongoni tabaka la kung'aa, kwenye mashina ile thina ya polepole. Matone: mwaga maji ya tangi kila ukimaliza, na chujio la maji liweke karibu na brashi ya upepo, si kwenye kompresa. Upepo ukitoka kwenye mashine bado wa moto, maji ni mvuke, yanapita chujio yakaja kugeuka matone ndani ya mpira.

Anza na kioo, kisha dekali, kisha laka ya kung'aa, ngoja saa 24, ndipo isiyong'aa. Kikirudi kioo, kizibe kwa utepe kabla ya laka. Ukichanganya vanishi isiyong'aa mwenyewe kwa Tamiya X-21 (dawa ya kuondoa mng'ao), sehemu 1 kwa 10 za X-22 inatosha kuanzia. Ikizidi, unga mweupe utarudi hata siku kavu.