Jakaranda yetu inatoka bulu kwa foto, nifanye nini mbele ikatwe?

Binti_Katuba

Jambo yenu bote, bayaya na bamama. Niko Lubumbashi, Katuba, mambo ya foto nilianza mwaka jana tu, niko na aparei ya okazyo Canon 1100D na objektivu ya 18-55 yenye ilikuya nayo, na telefone ya kawaida.

Mu parseli yetu kuko muti ya jakaranda, babu njo alipandaka, mama angali mutoto. Sasa mizizi imeinua ukuta wa jirani mpaka umepasuka, familia tulikaa tukasikilizana muti ikatwe maua ikiisha, mbele mvula kubwa ianze. Sina neno na jirani, ukuta ni yake na ana haki. Lakini nataka mama abakie na foto moja ya ule muti yenye rangi yake ya kweli, ya kutundika mu salon, na wakati wenye nabakia nao ni kama wiki mbili juu maua imeanza kuanguka.

Foto za mwaka jana zilinivunja roho. Kwa macho maua iko violeti, ile violeti yenye inakaribia pinki jua ikipita ndani yake, lakini kwa foto inatoka bulu, bulu ya biki kabisa. Nilipeleka moja mu mji kwa mutu mwenye anatoaka foto kwa karatasi, akaongeza nguvu ya rangi bila kuniuliza, ikazidi kuwa bulu na mbingu ikawa kama plastiki. Nikipiga muti muzima inaonekana kama moshi tu, nikikaribia ua moja ncha yake njo inaonekana vizuri, ingine yote ukungu. Nilisoma mu intaneti ushauri ya kupiga maua ya prentani (majira yenye maua inachanua kisha baridi), karibu bote banaandika toka Ulaya, banasema ngojea mwezi wa tatu na wa ine, sasa huku mwezi wa tatu ni matope na jakaranda iko majani matupu. Nani alishapiga jakaranda hapa kwetu ikatoka na rangi yake? Munisaidie tafadhali.

Yaya_wa_Kamalondo

Mudogo wangu, pole na ule muti. Mi napigaka jakaranda kila mwaka na miaka ya kwanza zangu zote zilikuwa bulu sawa zako, kwa hiyo usifikiri aparei yako ni mubaya, 1100D inatosha kabisa kwa hii kazi.

Sikia. Violeti ni bulu na nyekundu zimechanganyika. Aparei ikiwa otomatiki inajikisia yenyewe mwangaza iko namna gani, sasa unaielekeza juu, kuko mbingu ya bulu na maua yenye inakaribia bulu na majani karibu haiko, inapoteza hesabu, na ule wekundu kidogo wenye uko ndani ya violeti njo unapoteaka kwanza. Na ukipiga mu kivuli chini ya mbingu safi ni mubaya zaidi juu mwangaza ya kivuli yenyewe iko na bulu. Ingia mu menyu, balansi ya weupe, toa otomatiki, weka ile yenye iko na picha ya wingu (ni 6000 K), ukiwa kivulini weka ile ya nyumba (7000 K). Anza na wingu. Piga tatu, linganisha na ua lenyewe umelishika mukononi karibu na ekrani, si kwa kukumbuka, macho inasahau rangi haraka sana. Tena weka RAW (foto mbichi, mbele aparei iitengeneze), 1100D iko nayo, ukikosea rangi utaweza kuirudisha nyumbani bila kuharibu foto. Na punguza mwangaza mistari miwili chini ya sifuri kwa ile kipimo cha mwangaza mu ekrani, ile petali nyororo ikipata mwangaza mingi inakuwa nyeupe na hapo hakuna dawa.

Saa njo maneno kubwa. Lubumbashi iko kusini ya ekweta, digri 11 na kitu, kwa hiyo mwezi wa kumi jua inapita karibu kabisa juu ya kichwa, saa sita kivuli ya muti iko chini ya muti. Mwangaza inaanguka sawasawa kutoka juu, petali zinaungua na chini kunakuwa giza. Nadhani ule "moshi" wako unatoka hapo. Amka mbele ya jua. Jua inatoka kabla ya saa kumi na mbili, mpaka saa moja na nusu uko na mwangaza ya upande, laini, na upepo haujaanza. Simama fasi yenye nyuma ya maua haiko mbingu. Kama kuko muembe mu parseli ya jirani, majani yake ya giza nyuma ya jakaranda ni kitu muzuri sana, violeti inatoka mbele yenyewe.

Kwa ua moja: ile 18-55 inakubali kukaribia mpaka santimeta 25, hapo kuhesabu toka ndani ya aparei pale sensa iko. Weka zumu kwa 55, f/8 (ni tundu ya kuingiza mwangaza, namba ikipanda tundu inapungua), vitesi isipungue 1/250, ISO 400 (ni nguvu ya sensa kwa mwangaza) haina tatizo. Ukifungua sana mpaka f/5.6 kwa ukaribu ule, njo inakuwa ncha moja tu. Na lenga ndani, si mudomo wa ua. Fungua ua moja uangalie: ni kama kengele ndefu, na ndani kuko uzi moja murefu wenye nywele nywele, unazidi zingine zote. Batu wengi wanapiga jakaranda miaka na hawajauona. Ule uzi ukiwa safi, ua lote linaonekana safi.

Mama_Maua_Bukavu

Mwanangu nimesoma nikaguswa. Mimi natumia telefone tu, huku Bukavu napiga maua ya kwenye parseli na ya kando ya ziwa, sisi tunasaidiwa na mawingu, wingu ni kama shuka nyeupe wametandika juu ya jua, rangi zote zinatulia. Nyinyi huko mwisho wa kipwa (kiangazi) hamuna wingu, basi tengeneza lako, chukua shuka nyeupe ya kitanda, watoto wawili washike kati ya jua na tawi la chini, utaona tofauti hapo hapo.

Kwa telefone gusa ua kwa kidole, mwangaza ikipanda ishushe kwa kuvuta kidole chini, na usivute zumu kwa vidole, tembea, karibia kwa miguu yako. Na vumbi! Mwisho wa kipwa vumbi nyekundu inakaa juu ya kila kitu, kwa macho huioni lakini foto inaionyesha, inaua rangi. Puliza maji kidogo, ile chupa ya kupulizia nguo kabla ya pasi inatosha, ngojea dakika chache, halafu piga. Mkipata ile mvula ya kwanza kidogo, usilale, asubuhi yake ndiyo foto.

Lakini nataka nikuambie jambo lingine. Unasema foto ni ya mama yako. Wewe unatafuta rangi, na ni vizuri, lakini muti peke yake kwenye foto hauna ukubwa, mtu haelewi ni muti wa mita mbili ao wa mita kumi. Mweke mama chini yake. Usimwambie asimame kama kwenye foto ya karte ya utambulisho, mpe kiti, mpe hata mboga achambue. Na mwombe siku ile asifagie. Maua yaliyoanguka ni nusu ya jakaranda, uyaache yalale usiku mzima, wewe asubuhi ulale tumbo chini, aparei karibu na udongo.

Binti_Katuba

Aksanti sana yaya, aksanti mama. Ile ya kufagia umenikamata, mama anafagiaka mbele watu waamuke, kila siku, mi sijawahi kuona chini kumekuwa violeti yote. Nitamuomba. Swali moja: mwaka jana nilipiga toka barabarani, mutu moja mwenye uniforme akanisumbua saa nzima, akataka niifute yote. Nirudi huko ao niache?

Yaya_wa_Kamalondo

Acha barabara. Piga toka ndani ya parseli, ao muombe jirani mwenyewe mwenye ukuta, upande juu ya kiti mu parseli yake, atakubali, ule muti unamugusa naye. Mi nikienda mu avenyi za mjini kupiga jakaranda nasalimiaka kwanza, naonyesha ekrani, ni maua tu. Na kamwe nisielekeze aparei kwa jengo ya serikali hata kama kuko muti muzuri namna gani mbele yake.

Wa_Miombo

Naongeza juu ya hiyo prentani. Ulaya ni mwezi wa tatu mpaka wa tano, sisi kwa upande huu wa ekweta ni kinyume, wa kenda mpaka wa kumi na moja, na hata kama hatunaka baridi ya teluji, miti ya Katanga inaijua. Toka inje ya mji sasa hivi: miombo (miti ya pori ya huku) inatoa majani mapya yenye iko nyekundu na rangi ya shaba mbele ya kuwa kijani, na mvula haijanyesha bado! Fasi zenye moto ulipita, udongo mweusi, maua inatoka moja kwa moja bila majani. Mvula ikianza angalia chini ya miti utaona Scadoxus, mupira mwekundu wa nyuzi nyuzi juu ya kikonyo kimoja. Kwa nyekundu fanya hesabu ingine, aparei inaunguza nyekundu haraka, punguza mwangaza zaidi, mistari mitatu, kama si hivyo flamboyant (ule muti wa maua nyekundu) itakutokea kama rangi ya kupaka nyumba. Na kuko ua la shaba, Haumaniastrum katangense, wa ukoo moja na rehani, linapenda udongo wenye shaba nyingi wenye mimea mingi haiwezi kuishi. Ni la violeti pia, kwa hiyo ile balansi ya wingu itakusaidia. Tu usiingie mu konsesyo (shamba ao eneo la madini) ya watu bila ruhusa.

Kuhusu muti wa babu: angalia matawi ya juu, utaona maganda ya mwaka jana, mviringo, bapa, magumu kama mbao. Chuma mbele wakate. Ndani kuko mbegu nyembamba zenye bawa kama karatasi. Piga foto ganda moja likiwa limefunguka, halafu uzipande mu sashe, na ukija kuhamisha, iwe mbali na ukuta.

Binti_Katuba

Narudi. Jumamosi niliamuka giza lingali, mama hakufagia. Nilipiga 140 na kitu. Za kwanza makumi ngapi sijui hazina kitu, nilikuwa natetemeka. Kisha jua likapita juu ya ukuta, likaingia upande, na nikaona kwa ekrani ile violeti, yenyewe, nikailinganisha na ua mukononi sawa yaya alisema, ikawa moja. Ule uzi wa nywele niliuona! Niko nao kwa foto tatu.

Mama alichagua foto yenye sikuiwaza. Amekaa kwa kiti kifupi, anachambua sombe, maua imemuangukia kwa bega na moja iko ndani ya sahani, muti wote hauonekani, ni shina na tawi moja la chini na violeti chini mpaka kwa ukuta wenye ufa. Aliniambia tawi lile njo walikuwa wanafunga kamba ya kubembea. Sikulijua hilo.

Maganda tulichuma kumi na mbili. Sasa yaya, kwa karatasi: yenye kung'aa ao mati? Nataka iwe kubwa, santimeta 40 kwa 60.

Yaya_wa_Kamalondo

Mati, mudogo wangu. Mu salon dirisha likiwa mbele ya foto, ile ya kung'aa utaona dirisha tu. Megapikseli 12 za ile aparei zinatosha kwa 40 kwa 60. Omba kwanza kipande kidogo cha jaribio, ukitazame inje kwa mwangaza ya mchana, ua likiwa mukononi, na umwambie mwenye kutoa foto, mbele alipwe, asiguse rangi.