Naomba ushauri: vijana wa Temeke wanataka kusaidia kutafuta uhai nje ya Dunia

Habari zenu wakuu. Naishi Temeke, jioni nafundisha sayansi vijana wachache wa sekondari hapa mtaani. Wamenibana: watu wa kawaida kama sisi tunaweza kushiriki kutafuta uhai nje ya Dunia?

Najua inawezekana. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha SETI@home, watu wakaazimisha kompyuta zao za nyumbani zichambue mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico. Ugawaji wa kazi hiyo ulisimama Machi 2020. Siku hizi kuna Planet Hunters, mradi wa kutafuta sayari za nyota nyingine, ndani ya Zooniverse, tovuti ya watu wa kujitolea kusaidia watafiti, ambako unatumia macho yako: unaangalia grafu ya mwanga wa nyota, na mwanga ukipungua kidogo kisha ukarudi, huenda sayari imepita mbele yake. Watu wa kujitolea ndio walioishtukia nyota KIC 8462852, ambayo mwanga wake ulishuka kwa hadi asilimia 22 hivi! Wataalamu wengi sasa wanaona chanzo ni vumbi, lakini walioiona kwanza hawakuwa wataalamu. Hilo linanisisimua mno.

Shida ni vifaa. Tuna laptop moja kuukuu na simu, bando la kuungaunga, na vijana wengi Kiingereza bado kinawasumbua. Aliyewahi kushiriki akiwa Dar anisaidie: simu ndogo inatosha kusoma grafu hizo? Inakula bando sana? Na kama kuna maktaba au chuo hapa mjini kinachoweza kutupa chumba chenye intaneti Jumamosi, nielekezeni nimwone nani.